Sindano Hashiki Kamba

Siku Sindano aliponasa kwenye mlango wa tangi la nne, kiwanda kizima kilisimama kumtazama. Nasema kizima, sitii chumvi. Wapakiaji walitua mizigo, madereva waliteremka kwenye malori, hata mpishi wa kantini alitoka na mwiko mkononi. Nusu ya juu ya mama wa watu ilikuwa ndani ya tangi, nusu ya chini iko nje inapiga mateke, na katikati, palepale kwenye ukingo wa chuma, tumbo limegoma kama punda.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha mafuta ya kula. Aibu juu ya aibu, ilibidi yaletwe mafuta ya hapohapo, apakwe kiunoni, ndipo wenzake wakamvuta akatoka kwa mlio ambao ni bora tusiutaje.

Jina la Sindano hakujipa mwenyewe. Alipewa kazini miaka kumi na tisa nyuma, enzi zile akipenya milango ya matangi bila kugusa ukingo. Kazi yake ilikuwa kuingia ndani tangi likishakauka, amefungwa kamba, alisugue kwa brashi na maji ya moto mpaka mkaguzi apitishe kitambaa cheupe na kitoke cheupe. Nje hubaki mtu wa kushika kamba. Ukiivuta mara tatu kutoka ndani, naye anakutoa. Na mlango una umbo la yai: umerefuka upande wa nyonga, umebana upande wa tumbo. Nyonga za Sindano zilipita vizuri tu. Mkorofi alikuwa tumbo.

"Basi, mama," msimamizi alisema, watu wakiwa bado wanajifuta machozi ya kicheko. "Kuanzia leo wewe shika kamba. Mdogo wangu ataingia."

Mdogo wake huyo alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, na tangu azaliwe hajawahi kusugua hata sufuria.

"Nipe miezi mitatu," alisema Sindano, mafuta yanamchuruzika miguuni.

"Ya nini tena? Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Bado sijashindwa. Miezi mitatu, mlango huuhuu, watu hawahawa. Nikinasa, nitashika kamba mpaka nistaafu."

Watu walikuwa wanasikia, msimamizi angekataaje? Akakubali huku anacheka.

Sasa msinielewe vibaya. Kushika kamba ni kazi ya heshima, na aliyekuwa akimshikia Sindano, jamaa waliyemwita Bwana Kamba, hakuwa mtu wa kudharau. Lakini mle ndani ya tangi ndimo Sindano alimokuwa mwenyewe. Nyumbani alikuwa mama fulani, mke wa kinyozi, wifi wa mtu. Ndani ya tangi aliimba na chuma kikamwitikia, na akitoka mkaguzi anaandika "safi" bila kuuliza swali. Kumnyang'anya hilo kwa ajili ya mnofu wa tumbo? Ng'o!

Kesho yake alifika alfajiri, hasira bado mbichi. Mlango wa tangi la nne ulikuwa wazi ukisubiri kazi. Akatoa uzi mfukoni, akaupima mlango urefu na ufupi, akakimbilia kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani kwao. Fundi akamkunjia nondo umbo lilelile la yai. Sindano akaifunga kwa waya kwenye fremu ya mlango wa stoo ya nyumbani, usawa wa kiuno, na tangu siku hiyo aliyetaka unga au mkaa stoo ilibidi apite chini ya ile pete kwa magoti.

"Mama watoto," mumewe alilalamika akipangusa vumbi, "mimi nilioa sindano. Kama siku hizi amekuja na uzi wake, ubaya uko wapi?"

"Baba watoto, ubaya uko kiwandani."

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda kama maji. Aliacha soda, akaacha sukari kwenye chai, vya kukaanga akavipa mgongo. Jioni alibeba ndoo mbili za maji akapanda ngazi za jengo mpaka juu kabisa, akashuka, akapanda tena, majirani wakadhani mabomba yamekauka. Aliruka kamba kati ya nguo zilizoanikwa. Mashavu yakapungua, mikono ikakaza, sketi zikaanza kumdondoka. Mwezi wa pili, kimya. Kilibaki kipande kimoja tu chini ya kitovu, laini, kimetulia kama mgeni aliyeletewa mto. Akiingia kwenye pete, anapita mpaka hapo, ananasa.

Akafanya kosa la wengi: akaacha chakula cha jioni. Siku nne baadaye wifi yake, dada wa mume anayeishi nao, akamfuma jikoni kabla ya jua kuchomoza, amekumbatia sufuria ya wali wa jana.

"Haya, wifi! Sindano inashona nini huku?"

"Niache, wifi yangu."

"Nikuache una nini? Hilo tumbo limebeba watoto watatu, lipumzishe. Kwani nani analiona?"

"Mlango unaliona."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini, lakini siku hiyohiyo ndiye aliyemburuta zahanati. Muuguzi akamsikiliza, akamwambia wazi kwamba kipande hicho cha mwisho ndicho kigumu kwa wengi. Tumbo halitoki kwa kuamriwa. Mwili unachagua wenyewe pa kuanzia na pa kumalizia. "Kula, mama. Mboga, maharage, mayai, wali kidogo. Beba vizito na ulale vya kutosha. Ukijinyima utaamkia jikoni kila siku."

"Ameshaanza," alisema wifi.

Toka hapo wifi akawa mlinzi wa sahani. Sindano alikula akashiba, akabeba ndoo, akalala mapema. Na kile kipande kikaanza kupungua, kwa unene wa ukucha, kwa shingo upande.

Zilipobaki wiki tatu, Bwana Kamba akaja kuwatembelea Jumapili. Alipoiona pete aliinama, akaipima kwa shibiri, mara akaangua kicheko.

"Dada yangu, mlango uliupima na mpira wake?"

Sindano akasimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Ukingo wa mlango wa tangi huvalishwa mpira mnene wa kuzuia mafuta yasivuje, na kabla mtu hajaingia, mpira hutolewa. Kila mtu kazini anajua. Yeye mwenyewe ameutoa mara elfu! Asubuhi ile, kwa hasira zake, alipima kabla haujatolewa.

"Kwa hiyo mlango halisi ni mkubwa kuliko hii pete?" wifi aliuliza.

"Unene wa kidole kila upande," alisema Bwana Kamba. "Huyu angepita tangu mwezi uliopita! Dada, tua hizo ndoo, ule keki."

Hapo ndipo Sindano alipochemka. Wiki zote zile za kubeba ndoo, kumbe ananaswa na ujinga wake mwenyewe! Alilia, tena kwa sauti, halafu akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Mpigie fundi aipanue," mumewe alishauri kwa upole.

"Haipanuliwi."

"Lakini mama watoto, haina kazi tena."

"Maji nimeshayavulia nguo, nitayaoga. Hii pete imenicheka miezi miwili, wifi shahidi. Nikiiacha bila kuipita, itanicheka mpaka kaburini."

Ukaidi? Ndiyo, ukaidi, na wala hakuuonea haya. Akaendelea na ndoo zake. Ijumaa, siku tatu kabla ya mtihani, alitoa pumzi yote, akajisukuma, ngozi ikachubuka, na akaangukia ndani ya stoo juu ya gunia la mkaa. Alipita mara hiyo moja tu. Wifi alipiga vigelegele hadi majirani wakauliza nani kaolewa.

Jumatatu kiwanda kizima kilikuwa mbele ya tangi la nne. Mpishi wa kantini alikuja na kiti chake. Bwana Kamba alisogea kutoa mpira kama kawaida, msimamizi akamzuia.

"Huo hautolewi. Ni mpya, umebandikwa jana kwa gundi."

"Kubandikwa kwa gundi? Tangu lini?" Bwana Kamba alipandisha sauti. "Miaka yote hii hakuna mtu aliyeingia mle na mpira! Hii ni hila, bosi!"

Watu wakaguna. Mdogo wake msimamizi alikuwa pembeni, ameshavaa ovaroli, brashi mpya mkononi. Kila mtu alielewa. Msimamizi alikunja mikono. "Kama hawezi, aseme hawezi."

Sindano aliutazama ule mlango. Mweusi, mfinyu, umebana kwa unene wa kidole kila upande. Aliujua. Alikuwa ameishi nao nyumbani, amepigana nao kila jioni, ameutukana matusi yasiyoandikika. Kicheko kilimpanda akakimeza.

"Bwana Kamba, acha mpira wa watu," alisema. "Nifunge kamba."

"Tulete mafuta?" msimamizi aliuliza, na wachache wakacheka.

"Peleka kwako ukakaangie."

Akatanguliza mikono, kichwa, mabega. Kifua kikapita. Tumbo likagusa mpira, likakwama. Mpira ulishika kuliko nondo. Ngozi ya Ijumaa ilikuwa bado mbichi ikamuuma mpaka macho yakamlowa. Akaikumbuka pete. Akatoa pumzi, yote, mpaka ya akiba, akasukuma.

Miguu ikatoweka mlangoni mara moja, ikafuatwa na kishindo.

Kelele zilizopigwa hapo, sina maneno. Mpishi alikirusha kiti. Bwana Kamba alikuwa anaruka na kamba mkononi, amesahau kuikaza. Msimamizi akainama mlangoni na kusema kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa, "Haya, umepita. Toka basi."

Kutoka gizani mle sauti ya Sindano ilirudi kubwa, chuma kikiiongezea.

"Nitoke niende wapi? Tangi chafu. Leteni maji ya moto. Na kamba mpe mdogo wako, ajifunze kazi."

Yule mdogo akamtazama kaka yake, akatazama watu, akaipokea kamba kwa mikono miwili. Brashi mpya akaipitisha mlangoni, ikapokelewa. Muda si mrefu ndani ya tangi ukaanza kusikika wimbo.