Mayungiyungi ya Mama Mkwe

Kwa miaka mitatu mama mkwe alikuwa hajiwezi kitandani, na aliyemwogesha na kumlisha alikuwa mkwewe, fundi cherehani. Mume wa fundi huyo, dereva wa lori, alikuwa mtu wa safari. Siku chache kabla ya kufariki, mama alimshika mkono mkwewe akamwambia, "Nitunzie maua yangu."

Maua yenyewe yalikuwa mayungiyungi meupe chini ya dirisha la jikoni. Fundi akayatunza kama mboni ya jicho. Lakini mwaka uliofuata majani yakatoka michirizi ya njano, na matumba yakafunguka yamepinda. Chini ya majani wakajazana vidukari, wadudu wadogo wa kijani, na kila alipogusa jani vidole vilinata. Akaongeza mbolea, akaongeza maji. Wapi!

Kilichomkosesha raha zaidi ni wifi yake, binti pekee wa marehemu, mwalimu aliyeishi mbali. Wifi huyo hakuwa na breki mdomoni. Siku ya harusi ya fundi alisema gauni la bibi harusi limeshonwa na mtu anayesinzia, na aliyelishona ni bibi harusi mwenyewe. Sasa akikuta maua ya mama yake yamekufa, atasema nini?

Fundi akamwita bwana shamba. Mzee yule akageuza jani moja moja, kisha akamweleza taratibu kwamba vidukari hufyonza utomvu wa mmea mgonjwa, wakihamia mzima wanauambukiza virusi. Vidukari wenyewe hufa kwa maji ya sabuni, lakini mmea ulioambukizwa hauna dawa. Mimea yote ing'olewe pamoja na vitunguu vyake, yaani yale mashina ya duara yaliyo udongoni, ichomwe, na vifaa vioshwe. Shina moja tu la pembeni, lililokwisha kufunga mbegu, alishauri lifunikwe chandarua mpaka mbegu zikauke, maana virusi hivyo ni nadra kupita kwenye mbegu.

Siku tatu fundi alichukua jembe na kulirudisha. Ya nne, wifi akabisha hodi bila taarifa, akapitiliza hadi jikoni na kuchungulia dirishani. Fundi akamweleza yote, macho chini, akisubiri radi.

"Mama alikuachia maua kwa sababu aliona ulivyomtunza yeye," wifi alisema. "Mimi aliyenizaa nilikuja mara mbili kwa miaka mitatu. Na sijawahi kukuambia asante. Asante, wifi yangu."

Machozi yalimtoka fundi kama mtoto, na wifi naye akageuka kujifanya anatafuta viatu vya shambani.

Wakang'oa pamoja, kila mmoja na upande wake. Penye kitunguu kilichogoma kutoka, wifi alikishika kidogo kabla ya kukitupa motoni, na fundi akamwacha. Jioni wakaosha majembe kwa sabuni na kulifunika lile shina la pembeni.

Mbegu zilipokauka, fundi akazipanda kwenye makopo yenye udongo mpya, upande wa pili wa nyumba. Kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani aligeuza majani, na alipokuta kidukari alimponda kwa kidole na kunyunyiza maji ya sabuni. Kila Jumapili wifi alipiga simu kuuliza, "Wajukuu wa mama hawajambo?"

Mwaka wa pili, wakati wa likizo ya shule, ua la kwanza likafunguka: jeupe, limenyooka, majani yake kijani bila mchirizi hata mmoja. Wifi alifika siku hiyo hiyo na basi la mchana. Alilizunguka lile ua, akaligeuza jani kama alivyofundishwa kwenye simu, akalinusa.

"Hapa sina la kukosoa," alisema.

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaenda kutenga makopo mawili, akayafunga vizuri kwa kamba, ili wifi aondoke nayo kwake.