Alichosema Mke wa Eliamini

Mama Kaanaeli hakukikalia kiti alichopewa. Alisimama mbele yetu sote, kitambaa cheusi cha msiba kichwani, vumbi la kijijini kwake Kisiwani likiwa bado miguuni, akangoja aulizwe.

Ilikuwa mwaka 1954, katika hospitali ndogo ya misheni milimani juu ya Same. Kila Jumamosi asubuhi Bwana Mganga Hezroni alitukusanya sisi wauguzi na madresa, wasaidizi wake wa tiba, akatusomea cheti cha kila aliyefia mikononi mwetu wiki hiyo. "Hatumtafuti wa kumchapa," alikuwa akisema. "Tunatafuta tulipopotea njia." Lakini hakuwa amewahi kumwita mfiwa. Siku hiyo alimwita.

Cheti cha mumewe, Eliamini, kilikuwa na mstari mmoja: Tumbo linauma siku tatu. Tulimpa dawa ya minyoo. Kumbe utumbo ulikuwa umejifunga. Tungejua, angepasuliwa siku ile ile. Kesho yake alikufa.

Mstari ule niliutoa mimi. Mama Kaanaeli alizungumza Chasu tu, lugha ya Wapare, dresa aliyeandika alitoka pwani, na mimi Ruthi, binti wa miaka kumi na tisa, ndiye niliyetafsiri.

"Mama, siku ile ulisema nini?" Hezroni alimwuliza kwa Chasu.

Alijibu bila kuinamisha uso. Alisema mumewe hakuwa amekwenda haja siku tatu, wala kujamba hata mara moja. Tumbo lilijaa kama ngoma. Alichokunywa kilirudi kijani, kikinuka kama choo. Kila jambo alilitaja na wakati wake: jogoo la kwanza, ng'ombe walipotolewa, jua la utosi. Sijapata kusikia cheti kilichokamilika namna ile, na aliyekisema hakujua kusoma.

Hezroni alikuwa ameacha kuandika.

"Alisema hivyo hivyo siku ile," nikasikia sauti yangu. Nilikuwa nimesimama bila kujijua. "Mzee Eliamini mwenyewe alikuwa akinitazama. Niliona haya kuyatamka mbele ya wanaume. Nikasema tumbo."

Hakuna aliyenikemea. Hezroni alichovya kalamu, akamwomba yule mama arudie tangu mwanzo, polepole, nami nitafsiri neno kwa neno, wenzetu wasiojua Chasu nao wasikie. Nikayatamka yote, naye akayaandika yote. Tangu hapo kila cheti chetu kilianza na maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema.

Nilimsindikiza yule mama hadi langoni. Nilipiga magoti nimwombe radhi. Akanishika kiwiko, akaniinua.

"Ruthi mwanangu," akasema, "nina mdogo wangu ana uvimbe mahali pasipotajwa. Hataki kumwonyesha mtu. Nikimleta Jumatatu, utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama."

Akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuteremka mlima.