Fonti ya Mkono wa Nyaboke

Kila asubuhi, kabla ya kuandika meza, Nyaboke alifuta ubao wa mkahawa wa tambi za Kijapani pale Al Mansoura, mtaa wa mji wa Kiarabu alikokwenda kutafuta kazi, akanakili kwa chaki vyakula vya siku hiyo. Alinakili karatasi ya mpishi, kwa Kijapani, lugha ambayo hakujua hata salamu yake. Herufi zake zilitoka za mviringo, zimelegea kidogo, kama za mtu anayemwachia jirani ujumbe mlangoni kwamba ametoka, atarudi. Wateja walizipiga picha.

Mudiri, meneja wa mkahawa, alipoona hivyo, alimkalisha chini, akamwandikisha herufi zote, maelfu, kisha akazitia kwenye kompyuta zikawa fonti. Tangu hapo menyu, mifuko na bango la nje viliandikwa kwa mkono wa Nyaboke bila Nyaboke.

Mkono wenyewe ulibaki begani. Ulibeba sinia, ulisugua sufuria. Ila ukishika kalamu, uliandika Kijapani tu.

Aligundua hilo alipoomba likizo. Mama yake, huko Nyamira, angefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na Nyaboke alitaka bandeji ikifunguliwa, uso wa kwanza kuonekana uwe wake. Kanuni ya mkahawa ilitaka ombi liandikwe kwa mkono wa mwombaji. Kichwani aliliandika kwa Kiswahili safi; karatasini likatoka Kijapani. Msimamizi wake, Omondi, akaelekeza simu kwenye karatasi ili itafsiri.

"'Karibuni! Leo tuna tambi za moto na yai.'" Omondi akainua macho. "Nyaboke dadangu, hii ni likizo ama ni lanchi?"

"Mama anafanyiwa operesheni, Omondi."

"Hiyo nimeskia kwa mdomo. Mudiri anataka kwa mkono."

Aliandika tena, akilia.

"'Uyoga umefika, njooni na watoto!'" Omondi alisoma. "Ona sasa. Wewe unalia, herufi zinacheka."

"Basi niandikie wewe, mimi nitie sahihi."

Omondi aliandika, Nyaboke akatia sahihi. Simu ikaisoma sahihi: chai ni bure.

"Hii si sahihi ya mtu," Omondi alisema, akimrudishia karatasi taratibu. "Na wewe hapa uliandikwa. Mtu wa kuandikwa haandiki."

Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Nao uliandika vilevile, ila kwa mistari minene. Mudiri alifurahi, maana alikuwa akitafuta herufi nene za matangazo.

Nyamira, bandeji ilifunguliwa. Mama alimwona nesi, akamwita Nyaboke. Nesi akamwambia siye.

Juma hilohilo mkataba wa Nyaboke uliisha. Omondi alimletea mpya, wa miaka miwili, tayari una sahihi ya Nyaboke.

"Sikusaini mimi."

Omondi aliulinganisha na menyu iliyokuwa mezani, akaulinganisha na bango la nje kupitia dirisha.

"Ni mkono wako, dada. Mansoura yote inaujua."

Nyaboke aliitazama ile sahihi. Ulikuwa mkono wake kweli, hakuweza kuukana. Wateja wawili walikuwa wamekwisha kaa, akawapelekea maji.