Nywele za Arobaini

Jumamosi ile Mwalimu Bilkis alitupeleka Forodhani, sisi wanawake wa darasa la jioni. Alikuwa akitafuta mmoja wetu wa kufundisha kuchora katika skuli ya wasichana. Sharti lake: kila mtu aje na zana alizojitengenezea.

Kwenye makombe ya chaza nilitia buluu ya kufulia, bizari, hina na masizi ya sufuria. Burashi nene ilikuwa mswaki niliotafuna ncha. Ile nyembamba niliitengeneza kwa nywele kidogo, nikazichomeka katika bua la unyoya wa kuku na kufunga uzi. Mwalimu aliinama juu ya jumba nililochora. Ilibaki roshani tu, na nakshi zake.

"Mashaallah, Sichana! Mstari mwembamba huu! Nywele za nini?"

"Za paka, Mwalimu."

"Paka wa wapi?" Nyuma yangu alisimama mama mkwe wangu, Bi Mwatum. Alikuwa kamleta mwanangu Mcha aje anyonye. "Kwetu hata panya hatuna."

"Labda kamwazima Darajani, Bi Mwatum!" Mwenzangu Mize alicheka.

Bi Mwatum hakucheka. Aliichukua burashi, akaisuuza masizi, akaigeuza juani. Nywele zikang'aa kwa wekundu wake.

"Juzi tu, arobaini ya mjukuu wangu aliponyolewa, nilikupa nywele zake ukazifukie asizipate mchawi. Weye ndo unazichezea mbele ya wapita njia?"

"Nilizifukia, Mama. Nilibakisha kidogo tu, kwa vile laini..."

Mcha aliisikia sauti yangu, akaanza kulia. Nilinyoosha mikono. Bi Mwatum alimhamishia bega la pili, akanitupia burashi miguuni, akaondoka naye.

"Mwalimu, nnakwenda mara moja, nnarudi."

"Ukiondoka, Sichana, nitachagua katika waliobaki."

Mize alikuwa keshainamia karatasi yake. Nikaokota burashi, nikakimbia mpaka nyumbani kwetu Ng'ambo. Nikakuta mlango umekomewa.

"Ifukie kwanza!" Bi Mwatum alisema kutoka ndani.

Nilichimba kwa vidole chini ya mpapai.

"Nshaifukia, Mama. Nipe mtoto."

"Chimba tena. Kuku watafukua."

Nikachimba tena, kucha zikatoka damu. Ndani Mcha analia, na mimi kanga imeniroa maziwa kifuani.

"Nshamaliza, Mama. Nakuomba."

Kilio kikakatika. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

"Nampa maziwa ya mbuzi, anameza. Weye rudi kamalize roshani yako."