Mashabiki Walioogopa Nisije Nikapona

Msiniambie habari za mashabiki. Mimi mwenyewe ni shabiki tangu nikibebwa mgongoni, na leo nikimwona shabiki natamani kumtemea mate.

Naitwa Ndihokubwayo, fundi wa magari hapa Biryogo, mjini Kigali. Nina vichaa viwili, milima na mpira. Karisimbi nimeipanda mpaka kileleni, kwenye baridi ya kukata masikio. Nyiragongo nimechungulia moto wake nikiwa nimelala kifudifudi ukingoni. Mke wangu Pudentienne alikuwa akisema nitafia huko juu. Wapi! Vita vikazuka kaskazini, milima ikajaa askari, nami nikaangushwa hapahapa mjini na homa ya uti wa mgongo. Shingo ikakakamaa kama mti, miguu haina habari na mimi. Padri alipokuja hospitali kunipaka mafuta ya wagonjwa, nilimwambia Pudentienne kitu kimoja tu: niitie watu wa Radi.

Radi ndiyo timu yetu. Eustache, kinyozi, ndiye mkubwa wa mashabiki, na tumepiga ngoma pamoja tangu hatujaota ndevu. Alikuja na wenzake Jumapili moja, wakanishika mkono, wakaondoka mbio kuwahi mchezo. Hawakurudi tena. Kila mlango wa wodi ulipolia nilidhani ni wao. Niliwatetea kwa mke wangu: barabara zina vizuizi, watu wana hofu, kazi ni nyingi.

Basi nikapona. Nilijifunza kutembea upya kama mtoto, kwenye mteremko wa mlima Kigali, fimbo mkononi, nikilitukana kila jiwe. Radi ilikuwa imeingia finali ya kombe, uwanja wa Amahoro, na nilitaka kufika pale kwa miguu yangu, nikae na watu wangu, nijue kwamba niko hai. Hicho tu. Daktari akasema nisubiri. Nikamwambia, daktari, nimesubiri nimelala, inatosha.

Siku chache kabla ya finali, wakaja. Eustache mbele, nyuma yake Rugamba, muuza mkaa, na jerikani ya urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Wengine wamevaa makoti kama watu wanaokwenda kuposa. Pudentienne akatoa viti vyote, akaazima na kwa jirani. Machozi yalinilenga. Nikasema moyoni, kumbe hawakunisahau.

Rugamba akasimama, akakohoa, akaanzia mbali kabisa kama msemaji wa upande wa bwana harusi. Akaisifu nyumba yangu. Akamsifu mke wangu. Akasema wamekuja na ombi, na mwenye heshima hawezi kulikataa.

"Sema basi, Rugamba, pombe itachacha," nikamwambia.

"Muzehe, tangu ulale hospitali, Radi imefungwa mara moja tu. Mpira unaujua, hatuna haja ya kukufundisha. Tunakuomba kwa heshima yote, Jumapili ubaki nyumbani."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Nilicheka peke yangu.

"Na hiyo mara moja," Eustache akaongeza, macho sakafuni, "ni ile Jumapili tulikuja kukuona. Ndiyo maana hatukurudi."

Jamani! Yaani mimi nahesabu matone ya dripu, wao wanahesabu magoli! Mimi nautazama mlango, wao wanauogopa! Nilitaka kusema. Pudentienne akanitangulia. Akaibeba ile jerikani, akaimwaga pombe yote uani, akairudisha tupu na kuitua mbele ya Rugamba.

"Tokeni," nikasema. Mengine niliyowaambia siyarudii, maana hapa kuna watoto.

Jumapili nikaenda Remera, uwanjani, nani wa kunizuia? Walijua nitakuja. Walikuwa wamejipanga kwenye ngazi za upande wetu, wameshikana mikono, watu wazima, kama watoto wanaocheza. Rugamba hata usoni hakunitazama. Eustache alinipungia mkono kwamba nirudi. Nikageuka, nikauzunguka uwanja mzima na fimbo yangu, nikaenda kukaa katikati ya mashabiki wa wapinzani waliotoka Butare. Nikaomba Radi ifungwe. Ifungwe sita! Niliomba kwa moyo wote, nikiwa na hasira hata na rangi ya jezi yetu.

Kipindi cha pili winga wetu akawatoka mabeki wawili, akapiga krosi, kichwa kimoja, wavuni. Na mimi, mjinga mimi, nikaruka! Fimbo huku, kofia kule, "Radi! Radi!" katikati ya watu wa Butare, mpaka mama mmoja akanivuta koti: "Mzee, kaa chini, watakupiga!" Nikakaa, nikijichukia.

Firimbi ya mwisho ikalia, moja bila. Eustache akaukata uwanja mbio, akapanda ngazi kwetu, akanikumbatia huku analia.

"Sha, rafiki yangu, umewaletea hawa mkosi! Umetuokoa! Mwaka kesho ukae hapahapa!"

Nikamkamata kola.

"Eustache. Wodini nilikungoja wewe kuliko padri. Sasa niambie: nikifa, utakuja kunizika?"

 Alifikiri. Naapa, alifikiri kweli, jicho moja kwangu, jingine kwa wachezaji waliokuwa wananyanyua kombe kule chini.

"Isiwe Jumapili tu," akasema.

Hakucheka. Nikaiachia kola yake, akakimbia kurudi kwa wenzake.