Mbuzi Aliyeliwa Kiwanjani

Uliviona vigingi vile. Usiniambie hukuviona. Ulipita hapa mtaani Kimemi na mkungu wako wa ndizi kichwani, ukaona vigingi vyekundu vimepigwa katikati ya kiwanja chetu, ukageuza shingo kana kwamba kuna mtu anakuita upande wa pili. Hakuna aliyekuita. Basi simama kidogo usikie habari ya Kaswera, maana na wewe ulikula.

Pale kiwanjani Mzungu alikuwa akianika kahawa yake hadi mwaka wa uhuru. Akapanda gari, hakurudi. Watu wa mtaa wakakubaliana jambo moja: hapa hapajengwi. Watoto wacheze, matanga yakae, arusi zipite. Na kila mwaka mvua ikikatika, kila nyumba itoe mtu na jembe, nyasi zikatwe. Walipoingia waasi wa mwaka wa sitini na nne, nyasi zilikatwa. Walipofukuzwa, zilikatwa. Walipokuja waasi hawa wa sasa, wanaotutawala kutoka maofisi yao ya Beni, watu walikata nyasi huku wakisikia bunduki ng'ambo ya mlima, na hakuna aliyekimbia kabla ya kumaliza.

Chuo kikuu cha hapo jirani kilipoanza kupanuka, mtaa uliweka kamati ya kulinda kiwanja: Kaswera, Paulin aliyekuwa mwalimu, na Kasimu mwenye malori ya kwenda Kasindi mpakani. Kila chuo kilipotuma mtu, kamati ilijibu vilevile. Jengeni kule nyuma mlimani, kuna nafasi. Hapa hapana.

Kisha Ananie akafa. Alikuwa mtoto wa pekee wa Kaswera, dereva wa Kasimu. Wenye bunduki walimpiga risasi njiani akitoka Beni, wakalichoma na lori.

Kaswera hakulia. Alikaa kwenye mkeka pale kiwanjani, na watu waliposema pole alijibu "aksanti" kama mtu anayepokea chumvi ya jirani. Mikono ilikuwa yake, lakini aliitazama kama ya mtu mwingine.

Siku ya kuondoa matanga akaja Gérard, msimamizi wa majengo ya chuo. Mtoto wa mtaa huuhuu, meno yake ya utoto yalimng'oka palepale akifuata mpira. Alikuja na mbuzi dume mweupe, kamba ameishika mwenyewe.

"Mama, pole sana. Ananie alikuwa ndugu yangu. Hii mbuzi ni ya kufuta machozi."

"Lakini Gérard, leo kravati ya shingoni iko wapi?" Kasimu akamtania. "Ama ndiyo umefungia mbuzi?"

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nani atakataa mbuzi wa matanga? Kasimu akamchinja mwenyewe ili na Waislamu wale. Damu ikanywewa na udongo. Kaswera akapewa ini. Alitafuna, akameza. Halikuwa na ladha yoyote.

Juma lililofuata vigingi vikapigwa. Kamati ikaenda mbio kwa Kasonia, chifu wa udongo, anayeamua mambo ya mashamba kwa desturi. Wakamkuta Gérard ameshaketi, safari hii na kravati.

"Desturi munaijua," Kasonia akasema. "Mutu akitaka udongo, analeta mbuzi kwa benyewe, kamba kwa mukono yake. Bakikula ile mbuzi juu ya ule udongo, bamemupa. Mulikula?"

"Ilikuwa ya matanga!" Paulin akapaza sauti.

"Alishika kamba na mukono yake?"

"Alishika, lakini..."

"Na mulikulia wapi?"

Gérard akatazama dirisha.

"Tulikula kiwanjani," Kaswera akasema. "Miye nilikula ini." Alilisema kama mtu anayejibu leo ni siku gani.

Kasimu alienda hadi Beni kwa wakubwa wa waasi. Walimwambia chuo ni maendeleo, arudi kwa malori yake. Aliporudi na jibu hilo, Kaswera alijifunga kitenge, akaenda tena kwa Kasonia, peke yake.

"Chifu, mbuzi inaweza kurudishwa?"

Kasonia akamsogezea kiti. "Inaweza, kama jiwe la kwanza halijawekwa. Mbuzi muzima, afungwe pale pale yule alichinjwa. Na bote benye balikula basimame mbele yake, baseme: tumerudisha. Bote, mama. Mutu mumoja akikosa, hapana."

Gérard alipopata habari, alimngoja njiani. "Mama, hapana jisumbua. Batu baliisha kuchoka. Nani atatoka?"

"Sijui," Kaswera akajibu, akapita.

Nyumbani alikuwa na mbuzi mmoja, jike mweusi. Ananie alimletea kutoka Mutwanga, amempakia juu ya magunia ya kahawa, akishuka anacheka: "Mama, huyu alikuwa bosi, aliniimbia njia yote." Leo asubuhi Kaswera amemfungua. Amempeleka kiwanjani, amemfunga kwenye kigingi kilichopigwa palepale damu ilipomwagika. Hana uchungu, hana hofu. Mikono tu ndiyo inafanya kazi. Mbuzi amemlamba kiganja, na hilo, angalau, amelisikia.

Kasimu amefika, amesimama karibu naye. Paulin amefika. Mke wa jirani yetu Mathe amefika na mtoto mgongoni. Wengine wako milangoni, wanachungulia. Lori la chuo lenye mawe ya msingi linateremka kutoka barabara ya juu, na Gérard amesimama kando, anatazama jinsi watu walivyo wachache, anatabasamu.

Wewe ulikula mguu wa mbele. Nilikuona ukipangusa mafuta midomoni. Kaswera hawezi kurudisha nyama iliyo tumboni mwako. Weka huo mkungu chini, ushuke kiwanjani, usimame mbele ya mbuzi yule na useme umerudisha. Siyo kesho. Lori limeshakata kona. Shuka!