Mkate Aliokatazwa Mzee Tanuri

Simu ya Meneja iliita, Fundi akiwa na pini mdomoni na suruali ya mteja magotini. Akaibonyeza kwa kiwiko, akaiacha iseme kwa sauti kubwa juu ya meza ya cherehani.

"Mdogo wangu, kuanzia leo baba hali wanga," kaka yake alisema, hata salamu hakuna. "Mkate marufuku. Wali, uji, viazi, sukari, vyote marufuku. Tunampa mafuta. Mayai, siagi, parachichi, samaki wenye mafuta. Ubongo ukikosa sukari unajifunza kutumia mafuta, na kumbukumbu zinarudi. Jana nimemsikiliza mtaalamu mmoja saa nzima."

Fundi alitema pini. "Tunampa? Wewe na nani?"

"Ndiyo hivyo, tushirikiane."

Tushirikiane! Mtu yuko mji mwingine, kwenye ofisi yenye feni, anamwambia mwenzake aliye na baba mgonjwa chumba cha pili kwamba washirikiane. Jina la Meneja alipewa utotoni na mama yao, kwa tabia yake ya kusimama mlangoni na kuwaelekeza wengine namna ya kuosha vyombo. Ukubwani akawa meneja kweli, wa ghala la rangi, akawa analipwa mshahara kwa tabia ile ile.

"Ubongo unakula nini mimi sijui," Fundi alimwambia. "Ninachojua ni nani anafua mashuka."

Na huyo anayekatazwa mkate ni nani? Ni mwoka mikate! Mtaa mzima ulimwita Mzee Tanuri, kwa kazi yake na kwa hasira zake. Alikanda unga tangu ujana mpaka alipoanza kusahau mikate motoni ikaungua, akatia chumvi mahali pa sukari, na mwishowe akasimama katikati ya duka lake mwenyewe akauliza mwenye duka ni nani. Hata siku ambazo hakulikumbuka jina la binti yake, ukimpa kipande cha mkate wa dukani alikinusa, akakunja uso na kusema haukuumuka vizuri. Mtu kama huyo ndiye Meneja aliyetaka anyimwe mkate, na kazi ya kumnyima amwachie dada yake.

Fundi aligomba, akafoka, kisha akampeleka baba kliniki. Hasira ni hasira na tamaa ni tamaa. Kama kulikuwa na njia yoyote ya baba kumtambua tena, angemlisha hata mishumaa.

Daktari hakuupigia makofi mpango wa Meneja wala hakuubeza. Alimpima mzee damu, akampunguzia vidonge vya kisukari alivyokuwa akimeza siku zote, akaonya kwamba chakula kikibadilika na vidonge lazima viangaliwe upya. "Utafiti bado ni mchanga," alisema. "Wapo wazee wanaochangamka kidogo wakila hivi, na wapo wasiobadilika kabisa. Akichangamka, msidhani ugonjwa umeondoka. Unaweza kumchukua tena wakati wowote."

Majuma ya kwanza yalikuwa balaa. Mzee aliumwa kichwa, tumbo likafunga, kisha likafunguka mpaka kamba ya kuanikia mashuka ikajaa. Na mdomo haukupumzika. "Nimewalea kwa mkate, leo mnaninyima mkate? Wachawi nyie!" Alimtupia Fundi yai la kuchemsha likampata begani. Fundi aliliokota, akafuta sakafu, akampigia kaka yake ili angalau na yeye asikie matusi. Meneja akamshauri aongeze siagi.

Kisha, taratibu, mzee akaanza kurudi. Asubuhi moja aliona jiko la gesi linawaka bure, akalizima. Siku nyingine alimkemea msomaji wa habari redioni kwa kurudia habari za jana, na kweli zilikuwa za jana. Halafu ikaja siku alipomwona Fundi ameinamia cherehani, akamwita kwa jina lake kamili, lile alilompa yeye mwenyewe, akamuuliza kwa nini amekonda hivyo. Fundi alikimbilia chooni akalia, akanawa uso, akatoka kama mtu aliyeingiwa na sabuni machoni. Yawe ni mafuta, viwe ni vidonge vilivyopunguzwa, iwe ni bahati tu, yeye hakujali.

Meneja ndiye aliyejali. Aliwatangazia ndugu wote kwenye kundi la simu kwamba mpango wake umefanya kazi. Wake! Aliyepigwa yai hakutajwa hata kwa herufi ya kwanza.

Lakini mzee hakurudi kwa ajili ya kuzima gesi tu. Alianza kumtafuta mkewe.

Mama yao alikuwa amefariki mvua za mwaka uliopita, mzee akiwa bado kwenye ukungu wake. Siku ya mazishi Meneja alikata shauri kwamba baba abaki nyumbani. "Atatuaibisha mbele za watu," alisema. "Atauliza aliyekufa ni nani." Na Fundi alikubali. Alikuwa amechoka kuuguza wawili, hakuwa na nguvu ya kubishana, lakini alikubali, na hakuna namna ya kulisema hilo likapendeza. Jirani alikaa na mzee, akampa mkate laini na chai ya sukari nyingi ili atulie. Tangu hapo, kila alipouliza, aliambiwa mama amekwenda kwa dada yake. "Nisalimieni huko," alijibu, akaendelea kutafuna. Siku zile kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa ilikuwa kazi rahisi.

"Mama yenu yuko wapi?" aliuliza sasa, mchana, akila samaki.

"Amekwenda kwa dada yake, baba," Fundi alijibu, macho kwenye sindano.

Mzee aliweka kijiko chini. "Dada yake yupi?"

"Si yule... dada yake."

"Mama yako alikuwa na dada mmoja. Amekufa wewe hujaanza shule. Mikate ya msiba wake niliioka mimi."

Cherehani ilisimama. Uongo ule aliutunga Meneja haraka haraka kwa ajili ya mtu asiyekumbuka kitu, na hakuna aliyejisumbua kuukagua.

"Nakuuliza tena," mzee alisema. "Mke wangu yuko wapi?"

"Amefariki, baba."

Aliuliza lini, akaambiwa. Aliuliza aliumwa nini, akaambiwa. Alikaa akitazama mikono yake, halafu akainua uso.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nafanya nini?"

Angeweza kusema ulikuwa umelala. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi, akalimeza. "Ulikuwa unakula mkate."

Ngumi ya Mzee Tanuri ilitua mezani, bilauri ikaruka ikapasukia sakafuni.

"Mlimzika bila mimi! Nimelala na yule mwanamke ubavu kwa ubavu tangu nina meno yote, nanyi mkanifungia ndani kama mbuzi anayekula nguo za wageni! Nani alitia mchanga wa kwanza kaburini?"

"Kaka."

"Kaka! Alikuwa mume wake?"

Mzee alikwenda chumbani, akafungua kabati, akatupa kila kitu nje akitafuta hata gauni moja la mkewe. Hakulipata, maana nguo zote zilishagawiwa. Alirudi sebuleni, akatukana, akazunguka meza, akarudi tena chumbani kupekua pale pale. Chakula alikataa. Fundi alipomwita, hakumtazama. Iliendelea hivyo mpaka alasiri, na majirani walikuwa wameshaanza kuchungulia.

Hapo ndipo Fundi alipotoka, akaenda duka la kona, akanunua mkate. Alijiambia ni kwa sababu baba hajala kitu. Alichemsha chai, akatia sukari, akaongeza sukari. Akampigia kaka yake, akaiacha simu juu ya meza kwa sauti kubwa kama alivyozoea, naye akaanza kukata mkate.

"Amejua," alisema.

"Nani kamwambia?"

"Mimi."

"Wewe nawe!" Meneja alivuta pumzi. "Haya, sikiliza. Huu mpango tuusitishe. Mpe mkate. Mpe na chai, tia sukari ya kutosha. Akirudia kula wanga, siku chache tu atakuwa ameshasahau, na sisi tutapumua."

Kisu kilikuwa nusu ya kipande. Damu ilimchemka Fundi mpaka masikio yakawaka moto, na kilichomkera kuliko vyote ni kwamba jambo alilolisema kaka yake yeye alikuwa ameshalianza. Sahani ilikuwa imejaa tayari.

"Sisi ni watu wa aina gani?" aliuliza.

"Usianze hayo. Mimi nafikiria afya yake."

"Afya yake unaifikiria ukiwa huko. Huku anafikiriwa na mimi, na mimi nilikuwa namkatia mkate kama mtu anayetega panya!"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Shati limefungwa vifungo vyote, kila kimoja mahali pake, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Alikuja mezani, akaisukuma sahani pembeni, akaiinamia simu.

"Wewe Meneja."

"Baba? Shikamoo, baba."

"Mlininyima mkate ili nikumbuke. Nimekumbuka, sasa mnanipa mkate ili nisahau. Kichwa hiki ni cha nani?"

"Baba, sisi tulitaka tu usiumie..."

"Mke wangu amekufa, unataka nicheze ngoma? Haya maumivu ni yangu. Mazishi mlininyima, sasa na msiba wenyewe mnataka kuninyang'anya!"

Meneja akaanza kueleza habari za shinikizo la damu. Mzee aliisukuma simu kwa binti yake. "Zima hiki kitu." Fundi aliizima kwa furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi.

"Mayai yapo?" mzee aliuliza.

"Yapo, baba."

"Lete."

Alikula amesimama, mayai na nusu ya parachichi, akitafuna kwa chuki, huku chai ikipoa mbele yake. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kiganja.

"Daktari alisema hii akili nitakaa nayo mpaka lini?"

"Hakusema. Alisema inaweza kuondoka wakati wowote."

"Basi vaa viatu, unipeleke kwa mama yako."

"Baba, jua linaelekea kuzama. Twende kesho asubuhi, nitatafuta gari, utakuwa umepumzika..."

"Kesho nitakuwa nani?"

Fundi alivaa viatu. Kwa haraka alizisukumia kamba ndani ya viatu bila kufunga. Alitamani baba aseme neno moja tu la kumpoza. Aliposhindwa kuvumilia alilisema yeye.

"Nisamehe, baba."

"Sijakusamehe," mzee alijibu, akichukua kofia yake. "Na kesho ukiona nakuchekea, ujue ugonjwa umerudi."

Alitoka mbele kwa mwendo wa mtu mwenye haki yake, akapita majirani bila salamu. Fundi alimfuata nyuma, akijikwaa kwenye viatu vyake. Walipofika njia panda mzee alisimama. Akatazama upande mmoja, akatazama wa pili, akabaki pale pale. Fundi alidhani ukungu umeshamrudia, akamkimbilia, akamshika kiwiko.

"Baba, umepotea?"

Mzee aliung'oa mkono wake.

"Sijapotea," alisema. "Tangulia wewe. Kaburi la mke wangu unalijua wewe. Mimi sijawahi kufika."